Honi ya Mzee wa Gari Jeupe

Utathibitishaje kwamba sauti fulani haikutoka?

Iliyotoka haina shida. Kuna aliyeisikia, kuna aliyeshtuka, kuna mtoto aliyeamka akalia. Lakini ile ambayo haikutoka inaacha nini nyuma yake? Nilikuwa na miaka ishirini na sita, shahada yangu ya uhandisi wa umeme imelala ndani ya bahasha chini ya godoro, na swali hilo lilinikera kuliko yote niliyowahi kuulizwa chuoni Dar es Salaam, kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilitegemea jibu.

Nilikuwa keshia kwenye mgahawa wa chai, mtaa wa Abu Hamour, Doha, nchini Qatar. Wakala aliniambia nakwenda kufanya kazi "ofisi ya ufundi". Ofisi yenyewe ikawa stuli ndefu nyuma ya mashine ya risiti, kiyoyozi kinanipuliza kisogoni, na mbele yangu kioo kipana kinachotazama maegesho. Kwenye migahawa ya namna ile wateja wachache sana huingia ndani. Mtu anasimamisha gari mbele ya mlango, anapiga honi, na mhudumu anatoka mbio kwenye jua kuchukua oda dirishani. Anarudi ndani, anamiminiwa karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki, anatoka nayo tena mbio. Injini haizimwi. Mteja hashuki. Kutwa nzima ni honi, mlango, honi, mlango.

Wenzangu walishazoea. Mimi nilishindwa. Niliuliza kwa nini mtu mzima aitwe kwa chombo kilichotengenezwa kufukuza ng'ombe barabarani. Meneja wetu, mtu wa Kerala mwenye mashati ya mikono mifupi na subira fupi vilevile, aliniambia ndiyo desturi. Nikamuuliza desturi ya nani. Akanielekeza kwenye karatasi aliyoibandika ukutani karibu na birika kubwa, imeandikwa kwa lugha tatu kwamba ukisikia honi, toka. Jikoni wakanibatiza jina la utani, Maswali.

Mhudumu wetu wa nje alikuwa Mkenya wa Nakuru, mrefu, amezidi miaka thelathini, mwenye watoto wawili kwao. Alijua magari kwa honi zake. Angesema bila kuinua kichwa, "Huyo ni wa zafarani, sukari mbili," na kweli ukitazama nje unakuta ni yuleyule. Aliniita siz, au injinia akitaka kunichokoza. Nilimpenda kwa sababu alikuwa hanyenyekei kupita kiasi. Alitembea haraka, ila hakuwahi kukimbia, na wenye magari wengine hilo liliwaudhi.

Katika wateja wote, aliyekuwa na sauti ya kukumbukwa ni mzee mmoja mwenye gari jeupe la Kimarekani la miaka ya sabini, refu kama mashua, viti vyekundu, nikeli inang'aa mbele na nyuma. Yeye alikuwa Mwarabu mwenye asili ya Oman aliyezaliwa na kukulia Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri, chai yake ya zafarani bila sukari. Goti lake lilikuwa bovu, hivyo hakushuka hata siku moja. Honi yake ilikuwa na sauti mbili zilizopigwa pamoja, moja nene na moja nyembamba, na ikilia vijiko vilitetemeka kwenye sahani.

Kisha ndani ya wiki mbili mzee akalalamika mara tatu. Hakumlalamikia mhudumu, alimwandikia meneja ujumbe wa simu. Kila mara hadithi ni ileile. Amefika, amepiga honi, amepiga tena, amekaa mpaka joto limemshinda, hakuna aliyetoka, ameondoka. Anamwona yule kijana ndani anatembeatembea. Anadharauliwa, tena na watu wa kwao, watu anaoongea nao lugha moja. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Kwa utaratibu wa mgahawa ule, malalamiko matatu ya mteja mmoja ni barua, na barua maana yake mkataba hauongezwi. Mkataba wa yule Mkenya ulikuwa unaisha mwezi huohuo.

Meneja alituita pamoja. Mkenya akasema maneno mawili tu: "Sikusikia honi." Nikasema hata mimi sikusikia, na stuli yangu ndiyo iliyo karibu na mlango kuliko kitu kingine chochote. Meneja akajibu kwamba mimi naongea sana, siwezi kusikia. Halafu akafanya jambo ambalo yeye aliliona kuwa ni uchunguzi. Mzee alipofika siku iliyofuata, maegesho yalikuwa yamejaa, akasimama sambamba na barabara. Meneja akatoka, akamwomba apige honi. Ikalia mpaka fundi cherehani wa jirani akatoka kutazama. Meneja akageuka akatuangalia kupitia kioo, mikono kiunoni. Kesi ikaisha hapo. Barua ingeandikwa Alhamisi.

Jioni ile, tukiwa tunafuta meza, nilimwambia Mkenya kwamba kitu kulia mara moja si ushahidi kwamba hulia kila mara. Akacheka.

"Siz, hii si mtihani ya chuo. Mimi nishaanza kupanga begi."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Sikubali. Nimechoka kubishana na mtu ako na gari."

Alinikasirisha. Leo nikikumbuka, nadhani nilikasirika kwa niaba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekaa miezi kumi na minne nyuma ya mashine ya risiti nikiambiwa mambo ndivyo yalivyo, na sasa mtu mwenye akili timamu anafungasha kwa sababu ya kitu ambacho mimi ningeweza kukipima. Umeme haujui nani ana gari na nani hana. Ama njia imekamilika ama haijakamilika.

Duka la vifaa lilikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu. Nilinunua balbu ndogo ya indiketa, nyaya mbili ndefu na vibanio vyake. Nikaziunga bwenini, nikapata taa ya kupimia, kifaa cha kwanza tulichofundishwa kutengeneza mwaka wa kwanza. Kinasema neno moja tu, ama kinalisema ama hakilisemi.

Jumatano mzee akaja. Maegesho yalikuwa na nafasi, akaingia pale anapopapenda, mlangoni kabisa. Kona ile ilikuwa mbaya. Kulikuwa na nguzo ya zege, ilibidi ukunje usukani wote kushoto ndipo gari refu kama lile lienee, na ukishasimama magurudumu yanabaki yamepinda. Nilimwona kupitia kioo akinyanyua kiganja na kukishusha katikati ya usukani. Kimya. Mkenya alikuwa nyuma anachukua maziwa.

Keshia haruhusiwi kuacha mashine. Keshia mwanamke haruhusiwi kabisa kwenda kwenye magari. Nilifunga droo, nikaweka ufunguo mfukoni, nikatoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo wamekutuma wewe?" Alikuwa na macho makali ya rangi ya asali na kilemba kilichofungwa vizuri. "Yule mwenzenu kafanywa nini?"

"Yupo. Mzee, nakuomba upige honi."

"Nishapiga."

"Piga tena, nami nisikie."

Akabonyeza kwa nguvu, mkono mzima, mshipa ukamtoka. Hakuna kilichotoka, hata mkwaruzo. Nilisikia kiyoyozi cha gari na redio ya Mnepali wa duka la simu. Mzee akanyanyua mkono, akanitazama kama hakimu aliyemaliza kusoma hukumu.

"Umesikia?"

Hapo ndipo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Hakuwa anasema uongo. Alikuwa hasikii. Alibonyeza usukani kama alivyobonyeza miaka arobaini, akaijaza sauti mwenyewe kichwani. Na kwa sababu alinijibu vizuri kila nilichosema, nikagundua kwamba muda wote alikuwa akitazama midomo yangu.

Ningeweza kurudi ndani. Kumwambia mtu wa umri ule jambo lile, mbele ya mlango wa mgahawa, si heshima tuliyolelewa nayo. Lakini heshima ile ingemlipia nauli Mkenya ya kurudi Nakuru.

"Haikulia, mzee."

"Unanambia mie kiziwi?"

"Nakwambia honi yako mbovu."

Nadhani ningemwita kiziwi angenisamehe mapema zaidi. Akaniambia gari lile kalinunua yeye mwenyewe likiwa jipya, kwamba limepita ukaguzi kila mwaka, kwamba meneja wangu kaisikia juzi kwa masikio yake, kwamba wasichana wa siku hizi wakisoma kidogo wanadhani wamezaliwa kabla ya wazee wao. Nikamwachia amalize. Halafu nikamwonyesha ile taa.

"Nina shahada ya umeme. Fungua boneti. Nikikuta honi yako nzima, nitakuomba radhi hapahapa, na wakiandika barua ya yule mhudumu, waandike na yangu."

Sijui nilitoa wapi maneno yale. Mzee akavuta kishikio chini ya dashibodi.

Chini ya boneti kulikuwa kusafi kuliko jikoni kwetu. Nilianza na mwisho, kwa honi zenyewe, mbili, nyeusi, mdomo kama konokono. Nikavuta waya kutoka kwenye betri nikazigusa. Zililia zote mbili, nene na nyembamba, hadi mimi mwenyewe nikaruka. Basi honi nzima. Fyuzi nzima. Nikaja kwenye rilei, kile kisanduku kidogo kinachopokea amri dhaifu kutoka kwenye usukani na kuzipa honi umeme mkubwa. Waya mwembamba wa kutoka kwenye usukani nilipougusisha kwenye bodi ya gari, rilei ikagonga na honi zikalia tena. Rilei nzima. Kila kitu cha huku mbele kilikuwa tayari kinangoja kuambiwa. Ila mzee alipobonyeza, hakuna amri iliyofika.

Wakati huo meneja alikuwa ameshatoka. Aliuliza nani amefungua gari la mteja, nani yuko kwenye mashine, nina wazimu gani. Nilimjibu bila kuinuka kutoka kwenye boneti kwamba ufunguo wa droo ninao mimi na hakuna mtu atakayeiba risiti. Nyuma yake, ndani ya kioo, nilimwona Mkenya amesimama na trei mkononi, hatoki.

Nilibana waya mmoja wa taa kwenye betri na mwingine kwenye ule mwembamba wa rilei. Amri ikifika, balbu lazima iwake. Kisha nikafanya jambo ambalo najivunia mpaka leo. Niliipitisha balbu pembeni ya boneti, nikailaza kwenye kioo cha mbele, usawa wa macho ya mzee.

"Bonyeza, mzee. Usisikilize. Tazama."

Akabonyeza. Balbu ikabaki nyeusi. Akabonyeza mara tatu, akiitazama, na nikaona bega lake likishuka kidogo.

Meneja akasema juzi ililia, watu wote waliisikia. Nikasema ndiyo, na hilo ndilo ninalolitafuta. Juzi kulikuwa na tofauti gani? Gari lilelile, mkono uleule, joto lilelile. Niliuliza kwa sauti. Mzee, nafikiri kwa hasira, akasema yatosha, anakwenda zake, nifunge boneti. Akawa anakunjua usukani ili arudi nyuma, huku kiganja bado kimekandamiza katikati, kwa ubishi tu.

Balbu ikawaka. Honi ikapasuka masikioni mwetu. Meneja akaruka hatua mbili.

"Usitoe mkono," nilimwambia mzee, nimeinamia dirisha lake. "Kunja tena. Kushoto."

Akakunja. Balbu ikazimika, honi ikakatika. Akakunjua, ikawaka. Akakunja, ikazimika. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyomwomba, polepole, macho hayatoki kwenye kile kimwanga, na mara ya mwisho akaachia mwenyewe.

Ni jambo rahisi. Usukani unazunguka, waya hauwezi kuzunguka nao, kwa hiyo nyuma ya usukani huwekwa pete ya shaba, na kipande kidogo cha chuma chenye springi kinaifuata pete hiyo popote inapogeukia. Kwenye magari ya zamani pete inalika, grisi inakauka na kuwa kama lami, vumbi la huku linaingia. Panabaki sehemu ambapo chuma hakigusi shaba. Kwa gari lile, sehemu hiyo iliangukia usukani ukiwa umekunjwa kushoto kabisa, yaani pale kwenye kona yetu mbaya yenye nguzo. Nyumbani kwake, barabarani, kwenye ukaguzi, usukani umenyooka na honi inalia. Mahali pekee Doha nzima ilipokuwa bubu ni mlangoni petu.

Nilimweleza meneja hayo kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayetetea tasnifu yake. Nikamwambia siku aliyopima yeye, mzee alisimama sambamba na barabara. Akaitazama nguzo.

Mzee alikuwa amezima injini. Aliniita dirishani kwa kidole.

"Basi yule hakusikia," akasema.

"Hakusikia, mzee. Hakuna aliyesikia."

"Na macho?" Akaashiria kile kioo kipana. "Gari kubwa namna hii. Mie namwona, yeye hanioni?"

Ningekuwa mtu wa kuuliza kweli, kama nilivyojitangaza, ningenyamaza hapo nikalifikiria. Badala yake nilimjibu kwa haraka ya mtu aliyeshinda. Nikamwambia sheria imebandikwa ukutani na haisemi ukiona gari, toka. Inasema ukisikia honi. Ninyi ndio mliotaka tuishi kwa masikio, nikasema, basi msitudai macho.

 Mzee akageuka kwa meneja, akamwambia kwa Kiarabu maneno machache, na nilielewa moja tu, *khalas*, yamekwisha. Barua haikuandikwa. Ya Mkenya, namaanisha. Mimi niliandikiwa onyo kwa kuacha mashine, nikatia saini na chini yake nikaandika kwamba ningeiacha tena.

Ijumaa asubuhi mzee akaja na bisibisi zake kwenye mfuko wa kitambaa. Alisimama sambamba na barabara kwa makusudi. Nilitoa kifuniko cha katikati ya usukani, nikakuta grisi ngumu kama nilivyosema, nikaikwangua, nikaipiga pete msasa laini hadi ikarudi rangi yake, nikakinyoosha kile kipande cha springi. Alikaa kiti cha pembeni akinitazama mikono, hakusema asante. Tulipojaribu, ililia pande zote. Akaniuliza kama imelia. Nikamwambia imelia. Akaniuliza tena, akitazama midomo yangu, na nikamwambia, "Imelia, mzee, sikufichi." Baada ya hapo alikuja na kifaa kidogo sikioni, hatukukizungumzia.

Mkenya aliongezewa mkataba. Jioni ile aliniletea karaki kwenye stuli yangu, kwa trei, kwa mwendo wake uleule wa haraka usio mbio, akainama kidogo kwa mzaha. "Injinia, umeniokoa." Nilifurahi mno hata sikuona kwamba hakunitazama usoni.

Niliacha kazi ile kabla ya mwaka kwisha. Sasa niko kwenye matengenezo ya umeme, majengo ya kisiwa cha Pearl hapahapa Doha, na shahada imetoka chini ya godoro. Kisa cha honi nimekisimulia mara nyingi, kwenye usaili hata, na kila mara nilikimalizia kwenye ile balbu. Kila kitu ndani ya gari nilikihoji, honi, fyuzi, rilei, waya, pete. Yule niliyekuwa namtetea sikumuuliza swali hata moja, kwa sababu nilishaamua yuko upande gani wa kioo.

Mwaka jana alinipigia kutoka Nakuru. Ana kibanda chake cha chai, anawahudumia watu walioketi. Tulicheka sana, tukakumbushana meneja alivyoruka. Kisha akasema kuna kitu kimemkaa moyoni.

"Siz, huyo mzee nilikuwa namwona."

"Lini?"

"Siku zote tatu. Nilikuwa naona mkono ikipanda ikishuka kwa usukani. Nilijua honi imekufa. Nilijua hata kabla yako."

Nikamuuliza kwa nini hakutoka, au kwa nini hakusema. Akasema mwaka mzima alimpelekea yule mtu chai na hajawahi kuulizwa jina. Alitaka kuona, siku honi haipo, atamwitaje. Siku zote tatu chai ilikuwa imeshamiminwa, zafarani bila sukari, ipo kwenye trei mkononi mwake, naye amesimama nyuma ya kioo hadi inapoa.